Anza na wazee: namna ya kusikiliza saksofoni ya bebop iliyorekodiwa ukumbini

Kila anayeuliza aanzie wapi kusikiliza bebop, ule mtindo wa jazi wa miaka ya 1940, huambiwa akamtafute mpuliza saksofoni Charlie Parker wa mwaka 1945. Ushauri huo una heshima yake, ila kwa sikio geni siupendi. Chukua "Ko-Ko", aliyoirekodi Novemba mwaka huo akiwa na miaka 25. Haifiki dakika tatu, mwendo wake unakata pumzi, na kabla hujajua wimbo umeanzia wapi umeshakwisha. Sahani za wakati ule, zile za mizunguko 78 kwa dakika, zilibeba kama dakika tatu tu kila upande, kwa hiyo mpulizaji alilazimika kushindilia alichonacho kwenye nafasi finyu. Anayeijua lugha hiyo anabaki mdomo wazi. Asiyeijua anasikia upepo unavuma, anapiga makofi kwa adabu, halafu harudi tena.

Mimi wanaoanza huwapeleka kwa wazee. Natafuta rekodi ya ukumbini, bendi ikiwa mbele ya watu, na mpulizaji awe ameshavuka hamsini. Mtu wa umri huo hana tena haja ya kumthibitishia yeyote kwamba vidole vyake vina kasi. Anapunguza noti. Anaacha nafasi, na ndani ya nafasi hizo wewe mgeni unapata upenyo wa kusikia wimbo unakoelekea. Zaidi ya hayo, ukumbini hakuna anayemwangalizia saa: akitaka dakika nane za solo anazichukua, nawe unapata muda wa kumfuata.

Wengi wetu masikio yamelelewa na dansi, na hilo ni msaada na kikwazo kwa pamoja. Aliyekulia kwenye nyimbo za Western Jazz au Tabora Jazz anaujua utamu wa mdomo wa bata, lakini amezoea uje kwa kundi, ukijibizana na mwimbaji na magitaa, kisha urudi nyuma. Kwenye bebop mwimbaji hayupo. Saksofoni ndiyo inayoimba, ndiyo inayosimulia, na zamu yake inaweza kwenda mpaka ukadhani wenzake wamesahauliwa. Nimewaona vijana wakisubiri "wimbo uanze" mpaka rekodi ikaisha. Wimbo ulishaanza zamani: ule muziki wa mwanzo ambao saksofoni na tarumbeta wanaupiga pamoja ndio wenyewe, na yote yanayofuata yanajengwa juu yake.

Ningeruhusiwa kukupa santuri moja tu, ingekuwa Homecoming ya Dexter Gordon. Ilirekodiwa Desemba 1976 pale Village Vanguard, New York, yeye akiwa na miaka 53. Gordon alizaliwa Los Angeles, akajijengea jina kwenye miaka ya 1940 miongoni mwa watu wa kwanza kuihamishia bebop kwenye saksofoni ya tenori (ile ya sauti nzito kuliko alto ya Parker), kisha mwaka 1962 akaenda Ulaya na kukaa huko takriban miaka 14, sehemu kubwa akiwa Copenhagen, akipiga mara kwa mara kwenye klabu ya Jazzhus Montmartre. Aliporudi, soko la muziki Marekani lilikuwa limehamia kwenye vyombo vya umeme na wengi walishaizika bebop. Vanguard ni ukumbi wa chini ya ardhi, uko Seventh Avenue South tangu 1935, una umbo la pembetatu na unaingiza watu mia na ushee tu. Kwenye rekodi unasikia udogo huo. Makofi yako karibu, na anapotambulisha wimbo kwa ile sauti yake nzito ya polepole ni kama mwenyeji anayekukaribisha kiti.

Neno moja kuhusu sauti ya rekodi za miaka ile: besi ya kusimama mara nyingi ilichomekwa waya moja kwa moja kwenye amplifaya, kwa hiyo inanguruma bila ule ukavu wa mbao. Usigombane nayo, utaizoea.

Sasa namna ya kusikiliza. Mara ya kwanza usifanye lolote, acha ipite. Mara ya pili achana kabisa na saksofoni, ishike besi. Mpiga besi anatembea, noti moja kwa kila pigo, na yeye ndiye anayekuonyesha mko wapi. Mara ya tatu ndipo pagumu kidogo na ndipo panapolipa: uvumishe kimoyomoyo ule wimbo wa mwanzo wakati mpulizaji anapiga solo. Usiuache. Yeye anazunguka juu ya kodi zilezile za wimbo huo (yaani noti zinazopigwa pamoja kuubeba wimbo), mzunguko baada ya mzunguko, na ukiweza kuushikilia wimbo kichwani utaanza kusikia anapoukaribia, anapoukwepa, anapoudokeza kwa noti mbili kisha akaondoka zake.

Kinachorahisisha ni kwamba mizunguko yenyewe si mingi kwa aina. Mingi ni ya vipimo 32, kila kipimo mapigo manne: vipimo vinane vya kwanza, vinarudiwa, kisha vinakuja vinane tofauti ambavyo ni kama daraja, halafu vile vya mwanzo vinarudi kufunga. Mingine ni bluzi ya vipimo 12, ambayo kwa kawaida inasema jambo kwa vipimo vinne, inalirudia, kisha inalijibu. Ukizijua hizo mbili umeshafungua sehemu kubwa ya nyumba. Tena wapigaji wa bebop walikuwa na tabia ya kuchukua mifupa ya wimbo maarufu na kuuvalisha wimbo mpya. "I Got Rhythm" wa George Gershwin wa mwaka 1930 umezaa watoto wasio na idadi, na hiyo "Ko-Ko" imesimama juu ya kodi za "Cherokee". Kulikuwa na raha ya kisanii katika hilo, na kulikuwa na pesa pia, kwa sababu haki za mtunzi zilifungwa kwenye wimbo unaoimbika, si kwenye kodi zilizo chini yake.

Ukishaweza kushika mzunguko mmoja bila kupotea, nenda kwenye rekodi ya Carnegie Hall ya Septemba 1978. Jukwaani wako Dexter Gordon, miaka 55, na Johnny Griffin, miaka 50. Griffin naye alikuwa amehamia Ulaya tangu 1963 na ndiyo kwanza anarudi kupiga nyumbani. Wimbo wa kushughulika nao ni "Blues Up and Down", ambao Gene Ammons na Sonny Stitt waliufanya kuwa uwanja wa tenori mbili kushindana tangu 1950. Hapa unaenda zaidi ya dakika kumi.

Kazi yako ni moja: ujue nani ni nani bila kuangalia maelezo. Wote wanapuliza tenori, wote wanatoka shule moja, wote wanapita juu ya bluzi ileile. Gordon alikuwa na urefu wa karibu mita mbili, na saksofoni yake inasikika hivyo: nene, nzito, kila noti ina mwanzo na mwisho wake. Sikiliza mahali anapoiweka noti. Mpiga dramu anapiga, kisha Dexter anafika, amechelewa kidogo tu. Hajapitwa, amekusudia. Anaegemea nyuma ya pigo, na mvutano kati yake na bendi ndio unaokufanya utikise kichwa bila kujua. Griffin alikuwa mfupi, walimwita Little Giant, na yeye yuko mbele ya pigo, anaisukuma bendi, noti zinamwagika kwa mikupuo, anapandisha juu, anakwaruza, anateremka tena kabla hujashusha pumzi. Wanapopokezana, mmoja akimwachia mwenzake vipimo vichache, tofauti inakuwa wazi kabisa. Griffin anauliza swali lenye maneno mia, Dexter anajibu kwa manne.

Nasikiliza rekodi hiyo na kila kundi jipya la wapulizaji, na kila mara wanaoanza wanamshangilia Griffin. Sina ugomvi nao, Griffin anastahili. Ila nawaomba warudie wakiwa wanavumisha bluzi kichwani, nao wenyewe huanza kusema kwamba Dexter ndiye waliyeweza kumkariri. Hapo huwa naridhika. Kama umeshika vipimo vinne vya mtu mpaka unaweza kuviimba bafuni, umejifunza bebop zaidi ya aliyesikiliza santuri ishirini mfululizo.

Nyimbo za polepole usizikimbie. Vijana huziruka kwa kuona zinachosha, kumbe ndizo zinazomvua mpulizaji nguo: hakuna kasi ya kujifichia. Katika rekodi zake nyingi za ukumbini za miaka hiyo, Dexter anasogea kwenye maiki kabla ya wimbo wa mapenzi na kuyatamka maneno yake, mistari michache tu, bila kuimba, kisha anapuliza. Si maigizo. Lester Young, ambaye Dexter alimfuata sana ujanani, alishikilia kwamba mpulizaji lazima ayajue maneno ya wimbo anaoupiga. Ukisikia maneno yale kisha ukamsikia akianza, utatambua kwamba anavuta pumzi mahali ambapo mwimbaji angevuta. Nakushauri ufanye vivyo hivyo: tafuta wimbo huo umeimbwa na mtu, usikilize kwanza, ndipo urudi kwa saksofoni.

Kuna kosa la kishabiki ambalo lina historia yake. Miaka ya 1947 na 1948 Dean Benedetti, mpulizaji saksofoni aliyempenda Charlie Parker kupita kiasi, alimfuata kwenye klabu na mashine ya kurekodi. Ili asimalize sahani na tepu zake, aliiwasha Parker alipoanza solo na kuizima alipomaliza. Rekodi hizo zilitoka rasmi mwaka 1990, na ni hazina, sikatai. Lakini ukizisikiliza unaelewa kilichokatwa. Huyu mtu alikuwa anamjibu nani? Mpiga piano alimpa nini hata akageukia kule? Hakuna ajuaye, mashine ilikuwa imezimwa. Msikilizaji mgeni naye hufanya hivyohivyo kwa sikio lake: saksofoni ikinyamaza anachukua simu.

Usizime. Solo ya mpiga tarumbeta, ambaye kwenye Homecoming ni Woody Shaw, ndiyo inayokuonyesha kwa nini Dexter aliamua kuanza yake kwa utulivu au kwa kishindo. Mfuatilie pia mpiga dramu. Tangu Kenny Clarke na wenzake wa bebop, pigo la kudumu lilitoka kwenye dramu kubwa ya mguuni likahamia kwenye toazi, lile linalolia chini chini bila kukatika. Mguu na mkono wa kushoto vikabaki huru kuchokoza, yaani ule mshindo unaoanguka usipoutegemea. Kwa wazee wazuri utasikia mpulizaji anamaliza sentensi, dramu inaitia nukta, naye anaanza inayofuata kutokana na nukta ile. Hilo halionekani studioni mara nyingi kama ukumbini. Karibu na mwisho wa wimbo wataanza kupokezana vipimo vinne vinne na mpiga dramu, na hapo ndipo utapima kama umeshika mzunguko: hesabu mwenyewe, uone kama saksofoni inarudi ulipotarajia.

Lisikudanganye pia neno "laivu" kwenye jalada. Santuri maarufu ya mpuliza saksofoni Cannonball Adderley ya mwaka 1966, iliyoandikwa kwamba imetoka klabu moja ya Chicago, ilirekodiwa kwenye studio ya Capitol kule Los Angeles, watu wakaalikwa na vinywaji vikatolewa. Na ile ya Massey Hall, Toronto, ya Mei 1953, yenye Parker, Dizzy Gillespie, Bud Powell, Charles Mingus na Max Roach, ina besi ambayo Mingus aliipiga upya studioni baadaye kwa kuwa ya usiku ule haikusikika vizuri. Zote mbili ni nzuri. Sisemi uziache, nasema ujue unachosikiliza.

Kinyume chake ni rekodi ya Sonny Rollins ya Boston, tarehe 15 Septemba 2001. Rollins alikuwa ametimiza miaka 71 wiki iliyotangulia. Alikuwa anaishi mitaa michache tu kutoka World Trade Center, na baada ya shambulio la tarehe 11 alihamishwa kutoka kwenye nyumba yake, akatoka na saksofoni. Alitaka kuahirisha onyesho, mkewe Lucille akamhimiza aende. Kilichorekodi onyesho lile si mitambo ya kampuni, ni mpenzi wa muziki wake aliyekuwa ukumbini, na albamu ikatoka mwaka 2005. Kwa hiyo usitegemee usafi wa studio. Sauti ina ukumbi ndani yake, saksofoni ina ukali, na mzee mwenyewe halengi uzuri. Anachukua kijisehemu kidogo cha wimbo, anakipiga, anakigeuza, anakivunja, anakirudia mpaka unadhani amekwama, kisha anatoka nacho upande ambao hukuutazamia. Kwa sikio letu la pwani na la dansi, ingia kupitia "Global Warming", ambao una mwendo wa kalipso. Wazazi wa Rollins walitoka Visiwa vya Virgin na kalipso haikumtoka maisha yake yote. Baada ya huo ndipo uende kwa "Why Was I Born?", uliompatia tuzo ya Grammy ya solo bora ya ala mwaka 2006.

Kwa wale mnaojifunza kupuliza, maneno machache. Msianze na kuandika noti kwenye karatasi. Mwimbe kwanza. Chukua kipande kifupi cha Dexter, kiimbe kwa mdomo pamoja na rekodi mpaka ucheleweshaji wake wa pigo unakuwa wako, ndipo uchukue saksofoni. Programu za simu zinazopunguza kasi ya muziki zinasaidia kwa Griffin, lakini kwa Dexter zinaua kitu chenyewe, kwa sababu anachofundisha yeye ni mahali pa kuweka noti, na mahali hapo panapotea ukibadili mwendo. Na tafadhali, msikopi sauti ya mzee mkidhani ni suala la kununua domo la saksofoni la gharama kama lake.

Si kila mzee aliyerekodiwa jukwaani anafaa kusikilizwa, nalo lisemwe. Zipo rekodi za miaka ya mwisho ambapo mtu alikuwa mgonjwa, pumzi imekata, bendi ya kuokoteza, na aliyeziuza alijua kwamba jina pekee linatosha. Dalili yake huisikii kwenye noti kukosewa, hizo hata wazima wanakosea. Unaisikia pale mpulizaji anapoacha kusikiliza wenzake, akawa anapitisha vipande vilevile vya mazoea kwenye kila wimbo. Mlinganishe na Frank Morgan pale Vanguard, Desemba 1986. Mwanaalto huyu alitoa santuri yake ya kwanza mwaka 1955, heroini na jela vikammeza, ya pili ikaja 1985. Kwenye rekodi ya Vanguard ana miaka 52, nyuma yake wako Cedar Walton kwenye piano na Billy Higgins kwenye dramu, na hakuna kipande anachokipitisha kwa mazoea. Kila noti ana haja nayo. Higgins unaweza kumsikia akimfuata hatua kwa hatua kwenye toazi.

Baada ya hizo, mchukue mtu mmoja wa Carnegie Hall na urudi naye nyuma miaka ishirini. Mtafute Johnny Griffin akiwa na miaka 30, Agosti 1958, kwenye klabu ya Five Spot, New York, ndani ya bendi ya mpiga piano Thelonious Monk, pamoja na Ahmed Abdul-Malik kwenye besi na Roy Haynes kwenye dramu. Piga "In Walked Bud", ambao umejengwa juu ya kodi za "Blue Skies" wa Irving Berlin, kwa hiyo jifunze kuvumisha huo kwanza. Monk alikuwa na desturi ya kuiacha piano katikati ya solo ya mwenzake, akamwachia besi na dramu tu, na kodi zisipokuwepo masikioni ni rahisi kupotea. Shikilia mzunguko wako, halafu ukiweka pembeni yake Griffin yule wa Carnegie Hall, andika alichokiacha njiani ndani ya miaka hiyo ishirini na alichoondoka nacho.